Fundi Atakuja, Usitoke Nyumbani

Taa ya kile kisanduku cha intaneti iligeuka nyekundu Jumapili, na tangu hapo nikawa mfungwa ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Hakuna polisi aliyenifunga. Nilifungwa na sauti ya msichana mpole kwenye simu, wa huduma kwa wateja.

“Pole sana kwa usumbufu, mzee wangu,” aliniambia, baada ya muziki wao kunitoboa sikio mpaka nikaukariri. “Fundi atakuja kati ya Jumanne na Alhamisi.”

“Saa ngapi?”

“Wakati wowote wa kazi. Ila tafadhali usitoke nyumbani. Asipokukuta, ombi linafutwa, tunaanza upya.”

“Na mimi kazi yangu niifanye lini, binti?”

“Nakuelewa kabisa, mzee wangu. Kuna jambo lingine naweza kukusaidia?”

Hawa wamefundishwa. Kuna bwana mkubwa mahali fulani, kwenye kiyoyozi chake, aliyekaa akapanga kwamba mtu akilalamika aambiwe “nakuelewa kabisa.” Mafundi wa kutosha hakuajiri. Wa kusema pole kawaajiri tele.

Ningeweza kuishi bila intaneti. Mimi ni mkata vioo, simu yangu ni ya vitufe, na mambo ya mtandao aliyajua marehemu mke wangu. Laini aliiomba yeye, kisanduku alikiweka yeye juu ya kabati, na tableti ilikuwa yake. Mimi niliachiwa kazi moja tu: Ijumaa mchana ikilia, nibonyeze duara la kijani. Hapo ndipo naiona sura ya binti yetu wa pekee. Anafanya kazi za ndani nchi ya mbali, kwa watu wenye nyumba kubwa na roho ndogo. Kule hana laini ya simu. Wanamruhusu kutumia intaneti yao siku hiyo moja, akishamaliza vyombo.

Ijumaa iliyopita alininong’oneza. “Baba, mkataba unaisha. Ijumaa ijayo wanataka nisaini mwingine, na pasipoti wanayo wao. Mimi nataka kurudi, lakini nikikufikiria ulivyo peke yako na vioo vyako, najiuliza nitakuja kukuongezea mzigo. Ukisema nirudi, sisaini. Nisipokupata, nitajua mambo huko si mazuri, nitasaini tu.”

Nikafungua mdomo nimjibu, picha ikaganda, ikakata. Jibu lenyewe lilikuwa neno moja. Nililala nalo na kuamka nalo, na sasa kisanduku kilikuwa kimenikodolea jicho jekundu.

Jumanne nilioga mapema, nikavaa shati safi, nikaweka kiti mlangoni. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, na ukiwa kule husikii mtu akibisha. Ikabidi nimpigie kelele jirani anayeshona nguo kibarazani ng’ambo ya njia, simu yake pana ikimchezea video pembeni. Tunamwita Mama Cherehani.

“Jirani! Nakwenda uani mara moja. Akija mtu mwenye ngazi, mshike!”

“Nimshike wapi?”

“Popote! Shati, ngazi, masikio!”

“Fundi Kioo, siku hizi umekuwa mwali? Hutoki nje!”

“Cheka tu.”

“Nacheka, eti! Na ukikawia huko namwambia umehama!”

Nilikwenda mbio na kurudi mbio, suruali naifungia njiani. Hakuja mtu.

Jumatano alikuja mwenye duka la dawa, dirisha lake limevunjwa na mpira wa watoto. “Fundi, njoo unipimie. Duka liko wazi, paka wanaingia na kutoka wanavyotaka.”

“Bora paka wako. Mimi siwezi kutoka.”

“Unaumwa?”

“Namsubiri fundi.”

“Fundi anamsubiri fundi!” Akaenda zake kwa mkata vioo mwingine, yule wa kona, anayekata kioo kama anakata sabuni. Nilimwangalia mpaka akapotea. Mteja wangu wa miaka, na miguu yangu mizima, nimekaa kitini.

Alhamisi kutwa ilipita hivyohivyo. Jua lilipoanza kuinama nikapiga tena. Muziki. Kisha msichana mwingine, sauti ileile.

“Mzee wangu, naona hapa fundi wetu alipiga simu kabla ya kuja, kama utaratibu unavyotaka. Amepiga kila siku.”

“Alimpigia nani? Simu yangu haijalia!”

Akanisomea namba. Hakufika katikati nikawa nimeshaijua. Ilikuwa namba ya mke wangu.

Simu ya marehemu aliichukua dada yake baada ya msiba, iwe ukumbusho. Nikampigia.

“Shemeji, kuna mtu alikupigia siku hizi?”

“Yupo mmoja! Tangu Jumanne ananisumbua. Anamtaka dada kwa majina yake yote, eti yuko nyumbani? Mara mbili nikamkatia, nikajua matapeli. Leo nimempasha. Nimemwambia dada amefariki mwaka jana, mwacheni apumzike, mkome!”

“Akasemaje?”

“Akasema pole. Kwa adabu, sitamsingizia.”

“Shemeji, yule alikuwa fundi wa intaneti.”

“Sasa si ungeniambia?”

“Ningejuaje?”

“Na mimi ningejuaje? Mtu anamuulizia marehemu wangu, nimchekee?”

Nikawapigia tena wale wa huduma kwa wateja.

“Pole sana kwa msiba, mzee wangu,” msichana akasema, na akaisema vizuri hasa. “Naona laini imefungwa leo kwa sababu mmiliki amefariki.”

“Amefariki mwaka jana, na laini ilikuwa inafanya kazi!”

“Nakuelewa kabisa. Ili kufunguliwa, mrithi afike ofisini. Kuna jambo lingine…”

Nikakata. Hazikupita dakika nyingi ukaingia ujumbe: kwa kipimo cha moja hadi tano, umeridhika kiasi gani na huduma yetu? Nikatafuta sifuri. Haikuwepo.

Ijumaa asubuhi nikaifunga tableti ndani ya khanga ya mke wangu, nikaenda ofisini kwao. Mlangoni mlinzi alinipa namba. “Ukishachukua, usitoke nje, mzee. Ukitoka, namba inakufa.” Nikaona kumbe nimehama kifungo kimoja, nimeingia kingine. Viti vya plastiki vilikazwa sakafuni kwa skurubu, sijui waliogopa tutaviiba. Ukutani picha ya mwanamke anacheka na vifaa masikioni. Madirisha ya kuhudumia watu yalikuwa mengi, lakini lililokuwa na mtu ni moja. Nikaketi, khanga mapajani, naiangalia saa yao ya ukutani inavyousogelea mchana.

Namba yangu ilipoitwa, saa ya binti yangu ilikuwa inagonga mlango. Dirishani alikaa mama wa makamo, miwani inaning’inia shingoni kwa uzi.

“Laini ya marehemu haifunguliwi hapa, baba. Inaombwa mpya. Maombi yanakwenda makao makuu.”

“Ni leo, mama. Ni sasa hivi.” Nikamweleza yote, binti, mkataba, pasipoti, shemeji. Wa nyuma yangu akaanza kuguna. “Nani aliyepanga mambo hivi?”

“Wakubwa.”

“Wako wapi niwaone?”

Akaonyesha dari kwa kalamu. Akatazama mstari, akatazama khanga yangu. “Hiyo tableti umekuja nayo?”

“Nimekuja nayo niwaonyeshe.”

“Ilete.” Akatoa simu yake mwenyewe kwenye mtoto wa meza, akaificha nyuma ya printa, akabonyeza huku na huku. “Nimekurushia intaneti ya simu yangu. Ongea haraka.”

“Kumbe simu inarusha?”

“Baba, hata ya jirani yako ingerusha.”

Nikafikiria Mama Cherehani na lile lisimu lake pana. Tableti ikalia.

Sura yake ikatokea, kilemba kichwani, mikono ina povu. “Baba! Hapo ni wapi?”

“Achana na hapo. Rudi.”

“Baba…”

“Usisaini. Rudi nyumbani, mwanangu. Mzigo ni kukukosa.”

Yule aliyekuwa anaguna akasogea kuchungulia. Binti yangu alijifuta uso kwa mkono wa povu. “Wamekaa sebuleni na karatasi zao. Naogopa, baba. Usikate. Kaa hapohapo, niende nikawaambie huku unanisikia.”

Akaiweka simu mahali. Nikabaki naangalia dari ya jiko la watu, nyeupe, na ncha ya kabati. Nikasikia hatua zake, kisha sauti yake ndogo, kisha sauti ya mwanamume, kwa lugha nisiyoijua, inapanda.

Hapo akashuka mkuu wa ofisi, tai shingoni. “Kuna nini hapa? Foleni haisogei! Mzee, kama umeshahudumiwa, inuka.”

“Siwezi.”

“Na wewe,” akamwambia yule mama, “ile simu nyuma ya printa ni ya nani? Kazini hairuhusiwi. Zima.”

“Nahudumia mteja,” mama akasema.

“Nimesema zima.” Akanyoosha mkono. Mama akawahi, akaichukua simu, akaisokomeza kifuani ndani ya blauzi, akavaa miwani, akamtazama usoni. Mkono wa mkuu ukabaki hewani, hauna pa kwenda. Huko nyuma mtu akacheka.

Kwenye tableti mlango ulibamizwa. Niliishika kwa mikono miwili. Dari, dari, kisha uso wa mwanangu, pumzi juu juu.

“Nimewaambia. Wamekasirika, baba. Wamesema pasipoti wataitafuta.”

“Waambie waitafute sasa hivi.”

“Nifuatane nao?”

“Fuatana nao. Mguu kwa mguu. Na mimi unibebe, wanione.”

“Mzee, inuka,” mkuu akasema.

Binti yangu aliinua simu, ile dari ikaondoka, na mbele yangu likatokea korido refu. Mwishoni mwake mwanamume mnene alikuwa anafungua droo, na sisi tunamwendea.