Twiga wa Kifuani

Jumatatu moja asubuhi, Orpah Nyakerario alikuwa ameketi kwenye kigoda chake katika karakana ya Angwenyi, juu kidogo ya soko la Ogembo, akipiga msasa mgongo wa kiboko wa jiwe la sabuni, aliposhikwa na kikohozi. Alikohoa kama alivyozoea, mkono mmoja kifuani, mwingine umemshika kiboko asianguke. Kikohozi kilipopoa, kitu kikadondoka kwenye leso. Alikuwa ndovu. Ndovu mdogo kama punje ya mahindi, wa jiwe la waridi, ana masikio yake, mkonga wake na pembe zake, na amepakwa nta akang'aa.

Ombati, mchongaji anayekaa kulia kwake, alimchukua, akampuliza vumbi, akamgeuzageuza.

"Miguu ya nyuma imekaa vizuri," alisema. "Mimi hiyo hunitesa."

Akamrudisha kwenye leso, kazi ikaendelea.

Tuseme ukweli, kikohozi chenyewe hakikuanza siku hiyo. Zamani pale karakana palikuwa na pipa. Jiwe lililala ndani ya maji kabla mtu hajaligusa, na wanawake walilipiga msasa ndani ya karai, majimaji. Vumbi lilikuwa tope, tope likamwagwa kwenye migomba, kila mtu akaenda kwake anapumua. Kisha duka la vinyago la mjini Kisii likataka wanyama wa kupakwa rangi, tena haraka haraka, na jiwe lililolowa halishiki rangi upesi. Angwenyi akamwaga maji, akalipindua pipa, akalikalia. Tangu hapo msasa ni mkavu kwa mkavu, na jioni wanawake wakishuka kwenda nyumbani utadhani wametoka kwenye mashine ya unga. Angwenyi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepata kiti.

Orpah hakuwa na ugomvi na ndovu. Shida yake ilikuwa pumzi. Yeye alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa la Waadventista, na kwenye wimbo wa kufungia makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, kulikuwa na mahali ambapo sauti ya kwanza hubaki peke yake, juu kabisa, wengine wote wamenyamaza, na haitakiwi ikatike. Miaka yote mahali hapo palikuwa pake. Sasa akifika katikati, pumzi inamwacha. Haron, mwalimu wa kwaya, alimwambia kwa upole wote alionao kwamba makambi yakifika na hali ni hii, Ruth, mwenzake wa kwaya, atapashika. Orpah alisema sawa, Mwalimu. Alipofika nyumbani alilia huku akimenya ndizi, na binti yake Ashley akajifanya hajaona.

Kesho yake akaenda hospitali mjini, akapigwa picha ya kifua. Daktari Nyabuto, mwanamke mnene mwenye haraka, aliishikilia picha dirishani.

"Haya, mama. Pafu la kushoto lina vifaru wawili, lakini hao wadogo tu. La kulia kuna twiga. Huyu ndiye anayekubana. Shingo yake imesimama njiani kabisa."

"Atatoka?"

"Atatoka akikamilika. Hawatoki nusu nusu." Daktari aliishusha picha. "Mgonjwa wa wiki iliyopita alikuwa na sataranji nzima. Amebakiza mfalme."

"Na dawa?"

"Dawa ni maji. Jiwe liloweshwe kabla halijaguswa. Mkiendelea na vumbi, huyu akitoka mwingine anaingia. Lakini ngoja, kuna watu wa mradi, nitawaambia. Hiyo ndiyo kazi yao."

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuwaunganisha wasanii wa mji na huduma za afya. Uliongozwa na kijana anayeitwa Manasseh, mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa kilima. Alipanda hadi karakana na daktari, akasimama katikati ya vumbi, akasema amehangaika muda mrefu akitafuta mahali ambapo sanaa na afya zinaweza kushikana mikono, na kumbe zilikuwa zimeshashikana, ndani ya kifua cha mama huyu. Watu wakapiga makofi. Kisha akauliza wanajamii wanahitaji nini.

Orpah akasimama. "Sisi tunaomba pipa. Angwenyi aligeuze, lijazwe maji kama zamani. Basi."

"Pipa," alisema Manasseh, akiitikia kwa kichwa kwa moyo wote. "Nimesikia, mama. Pipa."

Angwenyi, aliyekuwa amelikalia, naye akaitikia kwa kichwa. Siku hiyo Orpah alirudi nyumbani akiwa na furaha, akanunua hata samaki.

Na kweli, pipa liligeuzwa. Lilisuguliwa kutu, likapakwa rangi ya buluu, likachorwa moyo unaotabasamu. Ijumaa lilipakiwa kwenye pikapu likapelekwa hospitali, likajazwa maji safi, likawekwa kando ya chumba kipya chenye mito, mikeka na redio ya nyimbo tulivu. Humo wanawake wapiga msasa waliletwa kwa gari kila Ijumaa, wakohoe. Wanyama walisuuzwa pipani, wakapangwa juu ya taulo, wazuri zaidi wakaenda kwenye kabati la kioo pale wagonjwa wanapongojea, na waliobaki wakaenda duka la vinyago. Wagonjwa waliwapenda. Mzee mmoja mwenye presha alisema akimwangalia swala wa kabatini anahisi inashuka, na ilipopimwa ilikuwa imeshuka. Wanawake walipewa chai na maandazi, na mshauri mmoja akawafundisha kupumua. Kule karakana, Angwenyi alipewa kiti cha plastiki badala ya pipa.

"Si waliahidi pipa?" Orpah alimuuliza daktari.

Daktari Nyabuto alilitazama lile pipa la buluu. "Waliahidi pipa," alisema. "Nami nilikuwepo. Pole, mama."

Twiga alikamilika Ijumaa ya makambi. Lo, hiyo siku isisemwe sana. Pembe zilitangulia, daktari akazishika kwa vidole viwili na kuvuta polepole, shingo ikaja, ikaja, jamani, haiishi, na Ruth, aliyemsindikiza, amemshika Orpah mabega huku akimwambia bado kidogo, dada, bado kidogo. Mwisho kwato zikagusa taulo. Manasseh akapiga picha. Twiga alikuwa anatazama kushoto, na kila doa lake liko mahali pake.

Sabato jioni, chini ya turubai, kwaya ilifika mahali pale. Wengine wakanyamaza. Orpah akainua kidevu, sauti ikatoka, ikapanda, ikabaki juu, ikabaki tena, watoto wakaacha kuchezea nyasi, Haron akasahau kuongoza kwa mkono, na haikukatika mpaka yeye mwenyewe alipoishusha. Umati ukasema amina. Orpah alikuwa analia bila kujificha. Alikuwa amesahau jinsi hewa ilivyo tamu.

Jumatatu alirudi kigodani. Kiboko alikuwa anamngoja, na Ombati alikuwa anapasua jiwe jipya, kavu, jeupe. Vumbi lilipaa hadi kwenye mabati likarudi likatua kwenye nywele za kila mtu. Ilipokaribia saa sita, Angwenyi akajongeza kiti chake cha plastiki.

"Mama Ashley, Manasseh amepiga simu. Yule twiga amewapendeza mno. Anauliza, kama inawezekana, safari hii awe pundamilia."

Orpah hakuinua macho. "Mwambie alete maji."

"Maji gani tena?" Angwenyi aliuliza, na hakuwa anatania, alikuwa amesahau kabisa. "Si yako hospitali? Ijumaa gari linawapeleka."

Orpah akachukua msasa. Alimaliza mgongo wa kiboko, akaanza tumbo. Kazi ikiendelea, akaijaribu ile sauti, chini chini, asisikike na mtu. Ilipanda vizuri. Ilipofika katikati, kitu ndani ya pafu la kulia kikaweka mguu wa kwanza chini, taratibu, na yeye akanyamaza kukipisha.