Reli ya Juu ya Vichwa

...zitasimama, alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme zitasimama, lakini simu ya pale pembeni ikalia na mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Amolo, akainua kidole, "Ngoja hapo hapo, Bwana Shitanda, hiyo jibu nataka kusikia na masikio yangu," akageuka kushika simu, na Nicodemus Shitanda akabaki amesimama mbele ya meza na kijiti cha kuonyeshea mkononi, watu tisa wa kamati ya usafiri wakimtazama, na lile neno asijue limeteremka wapi, limerudi kifuani au limemezwa na mate, maana swali lenyewe halikuwa gumu, wewe ndio unajua udongo ya hii mji, hizo nguzo zitasimama ama hazitasimama, ni neno moja tu, na yeye amechora ramani za Kisumu miaka ishirini na mbili, kila mtaro, kila bomba, kila kiwanja, angeweza kuuchora mji huu amefumba macho... na mji wenyewe si huo hapo mezani, umepunguzwa hadi ukatosha mahali pa sahani nane za chakula, nyumba za plastiki nyeupe, ziwa la kioo cha buluu kisicho na gugu la maji hata moja, wakati nje ya dirisha ghuba nzima mwaka huu imegeuka shamba la majani, na juu ya nyumba hizo nguzo nyembamba kama miguu ya korongo, na juu ya nguzo reli moja, na chini ya reli vigari sita vinavyoning'inia, vyenye madirisha, vyenye watu wadogo wasio na nyuso, na mhandisi mgeni alipobonyeza kitufe vilitembea kweli, kutoka stendi ya mabasi hadi Kondele, Kondele hadi Manyatta, vikashuka Nyamasaria, vikarudi, bila kelele, na wajumbe wakacheka kama watoto, na Shitanda hakucheka... kwa sababu reli ile aliijua, aliichora yeye, si hii, yake, miaka minane iliyopita, nyuma ya ramani kuukuu, mezani kwake nyumbani, usiku baada ya usiku, nguzo na reli na gari linaloning'inia, tena lake lilikuwa na mlango mpana wa kuingiza machela, na hakumwonyesha mtu isipokuwa mke wake Selpha, na leo mgeni ametoka ng'ambo amelileta limekamilika, basi je, ni wivu huu unaomziba mdomo, au ni furaha, mtu anaweza kushikwa na vyote viwili mara moja... "Eeh, nimesema Alhamisi," mwenyekiti alikuwa akisema kwenye simu, "Alhamisi, si Jumatano, Jumatano niko na wageni," na Beldina Awuor, karani aliyekuwa akiandika maneno ya kikao, akanong'ona bila kuinua kichwa, "Mzee, keti tu kwanza, hiyo simu ni refu," lakini Shitanda hakuketi... udongo, afikirie udongo, ameulizwa udongo, mashimo sita yalichimbwa mwezi wa tano na yeye alikuwepo na buti za mpira, manne upande wa juu, huko kuna mwamba, ukigonga unasikia mlio hadi kwenye meno, nguzo yoyote itasimama, lakini yale mawili ya chini, upande wa Nyalenda na Nyamasaria, ule udongo mweusi, mwezi wa kwanza unapasuka hadi mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko, mwezi wa nne unavimba na kunyanyua sakafu ya nyumba ya watu, na katika shimo la sita maji yalitokea kabla mchimbaji hajazama kufika mabega, na kwenye ripoti iliyochapwa mashimo ni manne tu, yale mawili hayakuhesabiwa, mhandisi alisema kulikuwa na mvua siku ile na vipimo vya siku ya mvua havifai, kana kwamba mji huu unaweza kuomba mvua ikanyeshe kwingine... basi hazitasimama, ni wazi, nguzo za upande wa chini zitaanza kuinama mwaka wa pili, wa tatu, na vile vigari vitaning'inia na watu ndani, watu wenye nyuso, lakini ukichimba zaidi, ukipeleka misingi chini kabisa hadi kwenye jiwe, inawezekana, duniani yako majumba yamejengwa juu ya matope, kila kitu kinawezekana, yeye ni nani wa kusema hakiwezekani, mchora ramani aliyetoka Kakamega na cheti kimoja, na mji utajaa, hilo hakuna anayebisha, mhandisi amesema ifikapo mwaka elfu mbili na ishirini na tano hapa Kondele hapatapitika, na Shitanda hakuhitaji kungoja mwaka huo, yeye Kondele isiyopitika aliiona mwaka wa themanini na saba... asiingie huko, si sasa, mbele za watu... lakini alikuwa ameshaingia, asubuhi ya mwezi wa nne, mvua imenyesha usiku kucha, Selpha kwenye pikapu ya jirani yao Tom ameshika dashibodi kwa mikono miwili, binti yao Nelima wamemwacha nyumbani kwa Tom, na Tom anasema, "Tutafika, Mama Nelima, hapa na hospitali ni karibu," na ilikuwa karibu kweli, mtu mzima anaenda kwa miguu hajamaliza muwa mmoja, lakini kabla ya Kondele magari yamesimama, mbele yamesimama na nyuma yamesimama, mabasi, mikokoteni, trekta la miwa, honi, na saa nzima ikapita, na saa nyingine, akashuka akakimbia mbele kuona ni nini, akaona lori la mchanga kutoka Katito limelala upande katikati ya barabara, na watu wamelizunguka wanabishana, ndipo akatazama juu kwa kukata tamaa na akaona pale juu pote ni peupe, hakuna gari, hakuna lori, anga tupu kutoka pale hadi kwenye bati za hospitali, akawaza, laiti pangekuwa na njia juu ya vichwa vya watu... na aliporudi, mtu mmoja wa kubeba samaki kwa baiskeli, Ouma, alikuwa ameshusha mzigo wake kwenye matope, anasema, "Mama, panda, nitakusukuma polepole," na Selpha hakuweza kukaa juu ya chuma kile, akatembea, huku Ouma, huku yeye, wakimshika, na mtoto alizaliwa mlangoni pa wodi, mvulana, wala hakulia... hakulia. Tangu siku hiyo reli ile ilikuwa ikitembea kichwani mwake, kila usiku ikapita juu ya lori, ikamfikisha Selpha kwa dakika nne, na mtoto akalia, na alipomaliza kuichora alimwita mke wake mezani, akamwonyesha kituo, mita saba kutoka chini, mlango wa machela, na Selpha alitazama kwa muda mrefu akikausha mikono kwenye leso, kisha akauliza jambo moja tu, "Baba Nelima, na hizi ngazi? Mwanamke mwenye uchungu atazipandaje?" Akamjibu kutakuwa na lifti. Selpha akasema, "Na stima ikipotea?" na yeye alikunja karatasi akaondoka mezani, akijiambia haelewi, huyu haoni, namjengea mwanawe barabara na yeye ananiuliza ngazi... na sasa, hapa, kijiti mkononi, akahesabu ngazi za kile kituo cha plastiki cha Kondele, hakutaka kuzihesabu, macho yalizihesabu yenyewe, arobaini na mbili, wala hapakuwa na mlango mpana, na chini ya kituo barabara ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu, nyororo, kavu, haina mtaro, haina shimo... shimo. Lori lile lililalia nini? Miaka minane amelitazama lori lile na hajawahi kutazama gurudumu lake, kila mara macho yanapanda juu, angani, haraka, kama mtu anayeondoa mkono kwenye moto, kwa nini haraka vile, na sasa akaliona, gurudumu la nyuma la kushoto limezama hadi kwenye ekseli, lami imebomoka kwa sababu chini yake kalavati lilikuwa limevunjika, yale mabomba ya saruji ya kupitishia maji, mabomba matatu tu, na kalavati lile alilijua kwa namba... alilijua kabla ya siku hiyo... barua ililetwa mezani kwake, chora kalavati jipya, ni la haraka, na kuchora kalavati ni kazi ya alasiri moja, kazi ya mwanafunzi, mistari sita na vipimo, naye wakati huo alikuwa akichora bustani ya mapumziko ya ufukweni, yenye chemchemi na ngazi za mviringo, bustani ambayo mpaka leo haijawekwa hata jiwe, basi akaiweka barua kwenye droo ya chini, wiki moja, wiki saba, nitaichora Jumatatu, nitaichora Jumatatu, na mvua ikanyesha... hapana, huenda hata angechora isingejengwa, mafundi wangekosa saruji, wangekosa mabomba, huenda, nani anajua, huenda hata bila lori mtoto asingelia, daktari mwenyewe hakusema, lakini droo ile haikuwa na udongo mweusi wala mwamba, haikuhitaji mhandisi wa ng'ambo, ilihitaji mkono huu tu, huu ulioshika kijiti, na Selpha, je, Selpha alijua, hakuuliza siku hata moja, aliuliza ngazi... "Haya, sawa, Alhamisi," alisema mwenyekiti, akaziba simu kwa kiganja bila kuirudisha mahali pake. "Ehe, Bwana Shitanda. Sasa tuambie. Zitasimama?" Mhandisi mgeni alitabasamu, Beldina akagusa kalamu kwenye karatasi, na vigari sita vilikuwa palepale juu ya reli, na Shitanda hakujua bado kama alichoulizwa ni nguzo au ni mtoto, wala kama majibu yake ni mawili au ni moja, alijua tu kwamba pa kuanzia ni mahali pamoja.

"Mheshimiwa," alisema, "mwezi wa pili, mwaka wa themanini na saba, niliandikiwa barua."