Vidole vya Mjomba Genzo

Kaoru alikuwa akiunda fimbo za kuvulia samaki mjini Nishiwaki, Japani, na alijua anachotaka: fimbo itakayomjulisha mvuvi mara tu kibua anapoonja chambo. Wa kuijaribu alimchagua mjomba wake Genzo, ambaye kiharusi kilimwachia vidole vyenye ganzi.

"Una wazimu wewe," mjomba alisema. "Mkono huu hausikii hata chai ya moto."

"Ndiyo maana nakutaka wewe, mjomba. Ukisikia wewe, atasikia kila mtu."

Fimbo ya kwanza mjomba aliirudisha akicheka. "Huu ni mpini wa jembe!" Kaoru akaipunguza unene. Ya pili ikawa laini mno, ikameza mtikisiko kabla haujafika mkononi. Kwenye ya tatu akabandua sifongo ya kushikia na kukwangua rangi, vidole vikae juu ya kaboni tupu ya fimbo yenyewe.

Asubuhi moja, kwenye gati la Akashi, pwani, mjomba aliishika fimbo hiyo, akatupa mshipi majini. Ghafla akavuta, na kibua akapanda aking'aa.

"Umeona mshipi ukicheza?" Kaoru aliuliza.

"Nilikuwa nimefumba macho, mwanangu." Akanyoosha kidole kimoja. "Amenigonga hapa, kwenye kidole hiki."

Kaoru akatabasamu, akamtilia chambo kingine.