Mbilimbili za Ikhlas

Madam, mwalimu wa darasa, alikuwa ameshashika kalamu. Fomu ilisema kwamba Ikhlas, msichana wa miaka mitano, ana kigugumizi, asipandishwe darasa la kwanza mpaka atibiwe. Mama yake, Mpakistani, alikuwa ameshaambiwa aache Kiurdu nyumbani, aseme Kiingereza tu. Akatii. Kwa miezi mitatu sasa mtoto alifika pale chekechea, mtaa wa Al Mankhool huko Uarabuni, kimya kama aliyegombezwa njia nzima.

Annah, msaidizi wa darasa, Mkenya wa Nyamira asiyejua kumeza maneno, roho ilimuuma. Alishamsikia Ikhlas akiomba maziwa "hot hot", akitaka yanayofuka moshi. Jamani, kigugumizi gani hicho kinachochagua neno? Mwenye kigugumizi hukwama njiani. Huyu alilimaliza neno zima, ndipo akalirudia, na pale alipotaka tu.

"Madam, usitie sahihi kwanza. Nipe dakika mbili na kopo la biskuti."

"Yalla, haya, Annah," Madam akasema, hana matumaini.

Annah akawaketisha watoto watatu, akamwita Ikhlas.

"Wewe unataka ngapi?"

"Two."

"Na wenzako?"

"Two two."

Annah akamkabidhi kopo. Ikhlas akamwekea kila mtoto biskuti mbili, hakumpunja hata mmoja, kisha akachukua mbili zake.

"Umeona, Madam? Hiyo ni mbilimbili, kila mtu na zake. Kiurdu husema hivyo, na Kiswahili chetu pia. Kiingereza ndicho hakina. Na hata wewe husema 'very, very good' kila siku, mbona hatujakupeleka hospitali?"

Madam akaona haya, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaichana fomu.

Mchana Annah alimkimbilia mama getini. "Dada, mrudishie mtoto Kiurdu chake. Haumwi. Mwaka ujao yuko darasa la kwanza."

Mama hakuamini. Akamtazama Madam aliyesimama mlangoni, naye akaitikia kwa kichwa. Ndipo mama akapiga magoti pale pale kwenye lami, akamwambia binti yake maneno machache ya Kiurdu.

Ikhlas akamkodolea macho, akihakikisha kama ruhusa ni ya kweli. Kisha maneno ya miezi mitatu yakamtoka kwa mkupuo, na mama akawa anaitikia huku analia.