Michoro Mia Tisa ya Shekha

Mimi nilikuwa mchoraji wa mabango ya sinema Malindi, na nasema hivi mapema ili mtu asidhani nazungumzia nisilolijua. Kwa miaka kumi na tisa hakuna filamu iliyoonyeshwa mjini bila sura ya mchezaji wake kupita kwanza chini ya burashi yangu. Pua niliziweka mahali pa pua. Macho niliyapa ukubwa alioyapa Mungu.

Mwaka wa themanini na tano ikaja ile sinema ya angani, Milki ya Nyota Saba, mji ukapatwa na kichaa. Wanaume wenye ndevu walipigana kwa vipande vya miwa barabarani wakijiita makamanda. Bango lake nililichora mara tatu, kwa sababu mara mbili liliibwa, na hiyo ndiyo shukrani pekee niliyoipata.

Haukupita mwaka, wageni wa Kitaliano mahotelini wakaleta kanda za video za katuni za Kijapani. Hebu fikiria: katuni ya Mjapani, inazungumza Kitaliano, inatazamwa na watu wa Malindi wasiojua hiki wala kile, na wote wanalia pale pa kulia! Wasichana wa katuni hizo wana macho kama visahani vya kahawa, na nywele zao zapepea hata ndani ya chumba kisicho na dirisha. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mdogo wangu Shekha hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ameachwa na mumewe, amerudi nyumbani kwetu. Asubuhi aliwasomesha watoto Kurani chuoni, jioni alichora. Akaichukua ile milki ya sinema, na vita vyake na vyombo vyake, akamtia humo msichana wake mwenyewe, rubani, mwenye macho ya visahani. Chombo chake kiliruka kutoka ule mnara wenye miguu baharini Ngomeni, ambako Waitaliano wengine walikuwa wakirushia roketi zao. Na ati alitaka picha ziende, kama za kwenye kanda. Kwa penseli na wino, peke yake!

"Kaka," akaniambia, "nikimaliza nipe nafasi karakanani kwako. Nataka kuchora mabango nawe."

"Mwanamke juu ya ngazi, barabarani?"

"Ngazi haiulizi."

Nikampa jibu nililodhani litanipumzisha. Picha zake zikienda, na watu wakakaa mpaka mwisho wakapiga makofi, nafasi ni yake, na ngazi nitamshikia mwenyewe. La sivyo asinitajie tena burashi, na amkubali yule mwenye duka wa Mambrui aliyekuwa akimposa. Akakubali papo hapo. Mtu asiyejua kazi huwa hajui kuogopa.

Alichora miezi kumi na minne. Michoro mia tisa, kila mmoja unapishana kidogo tu na uliotangulia. Ili zisipotee, karatasi akazishona kwa uzi zikawa kitabu kimoja kinene kuliko tofali, akazitia nambari kwa tarakimu za Kiarabu za chuoni, zile alizozizoea.

Kamera alikuwa nayo Nahashon, mpiga picha za vitambulisho kutoka Magarini. Mtalii mmoja alimwachia kamera ndogo ya sinema na mashine yake ya kuonyeshea, naye akajiona mkuu wa kampuni. Filamu ilikuwa moja tu, ya dakika tatu. Haikuwa vizuri Shekha ashinde chumbani na mwanamume asiye wake, basi nikapelekwa mimi na kitabu, kazi yangu kufunua kurasa.

Nahashon akakiweka kitabu mezani, akakifungua kama alivyofundishwa shule ya misheni, kwa upande wa kushoto.

Kitabu cha Shekha kilifunguliwa kulia, kama kila kitabu alichokishika tangu utotoni. Ukurasa alioudhani Nahashon kuwa wa kwanza ulikuwa wa mwisho: giza tupu na vipande vya chuma vinaelea. Zile tarakimu kwake zilikuwa vijiti na nukta za pambo.

"Inaanza gizani," akasema, amefurahi. "Mwanzo mzuri sana huu, Bwana Faki."

Neno moja lilikuwa mdomoni mwangu. Nikalimeza. Mwenye macho haambiwi tazama, nikajiambia, na huyu ana mawili na la tatu la kamera. Siku nne nilifunua kurasa kinyume, mmoja baada ya mwingine. Kila niliporudi nyumbani Shekha aliuliza, "Yaenda?" Nami nikamjibu, "Yaenda."

Filamu ikapelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi baada ya miezi mitatu. Jumamosi moja, baada ya alasiri, tukakusanyika kwenye chumba cha video cha jirani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, shuka jeupe ukutani. Watu walijaa kwa kuwa ilikuwa bure. Mbele kabisa alikaa Bi Tumu, muuza mahamri, ambaye hakuwahi kumaliza sinema bila kusinzia.

Nahashon akawasha. Giza, na vyuma vinaelea. Kisha vyuma vikaanza kukusanyana. Moto ukajikunja, ukaingia ndani ya chombo, chombo kikawa kizima. Msichana akafumbua macho yake makubwa. Akapita nyota zote akirudi, chombo kikatua juu ya mnara wa Ngomeni, akashuka, akatembea kinyumenyume mpaka mlangoni kwao, na katika watu sitini hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini. Mama yake alikuwa amempa mgongo. Akageuka, akamkumbatia. Ikaisha.

Chumba kikalipuka kwa makofi. "Karudi!" Bi Tumu akalia, machozi yanamtoka. "Mtoto karudi kwa mamake, jamani!" Makofi yote hayo kwa kitu kilichopinduliwa! Wangeonyeshwa sufuria ya maji yanachemka, wangeipigia pia. Nami, kwa ujanja wangu wote, nilikuwa nimeshindwa.

Nikageuka kumtazama Shekha, aliyekaa nyuma na wanawake wenzake. Hakuhitaji kufanya lolote ila kunyamaza. Karakana ilikuwa yake.

Akasimama.

"Nahashon, mashine yako yaweza kurudi nyuma?"

"Yaweza, dada."

"Basi irudishe. Mumeona mwisho kabla ya mwanzo. Yule msichana hakurudi."

Mashine ikarudi. Mama akamkumbatia mwanawe, akampa mgongo asimwone akienda. Msichana akatembea, sasa kwa mbele, na wallahi alitembea: bega linatangulia, uzito unahama mguu hadi mguu. Mimi niliyechora nyuso zilizosimama kwa miaka kumi na tisa nilihisi aibu. Chombo kikaruka, kikapita nyota zote, kikashika moto. Na hapo nikafahamu yale macho makubwa ni ya nini. Ni ili hata aliyekaa mwisho kabisa ayaone yakifumba. Kisha giza na vyuma vinaelea, muda mrefu.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Mwanangu," Bi Tumu akasema akijifunga leso, "ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Hii ya nini?" Akatoka, na wengine wakamfuata wakinung'unika.

Tukabaki watatu. Nahashon akaizima mashine. "Dada, mimi sikujua. Ningejuaje?"

"Hukujua," Shekha akamwambia. "Huna kosa."

Nikakohoa kidogo. "Kesho njoo karakanani, saa mbili," nikasema. "Makofi yalipigwa, na ahadi ni deni."

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Kaka Faki, wewe ulikhitimu juzuu zote thelathini kabla yangu. Siku nne umekaa na kitabu changu mkononi. Usiniambie hukujua chafunguliwa wapi."

Sikumwambia.

"Nilichora miezi kumi na minne ili uone wewe. Hawa wengine sikuwa na haja nao." Akakitia kitabu chake kwapani. "Makofi yale ni ya kitabu chako, ulichokifunua wewe. Changu hakikupigiwa. Tulipatana, na mimi natimiza. Mwambie mtu wa Mambrui alete watu wake."

Nilimsihi wiki tatu. Nilimpelekea burashi mpya tatu na kopo la rangi nyekundu. Akazirudisha kwa mkono wa mama, na salamu njema. Basi nikamwoza mwenyewe, kwa kuwa baba hayupo na walii wake ni mimi. Nikaushika mkono wa bwana harusi, mkono mwororo wa mtu wa duka, nikayasema maneno yote kama yanavyosemwa, na watu wakafurahi sana.