Cheo cha Kapteni Bwalya

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu jioni, Kapteni wa akiba Dominique Bwalya alikuwa nyuma ya kaunta ya depo yake ya unga, mtaani Bel-Air, akimpimia mama mmoja meka mbili, yale makopo ya kupimia, dereva wake Mumba alipoingia kuomba pasi. Alitaka kunyoosha gwanda kwa ajili ya gwaride la Jumamosi. Mumba alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita. Yule mama alisogea kumpisha, kisha akakumbusha kuwa meka ya pili haijajaa.

Askari wa akiba walipoitwa vitani, kapteni alikuwa na malori mawili yamekwama mpakani Kipushi, na unga hauna subira. Akamvisha Mumba gwanda lake, lenye jina BWALYA kifuani.

"Ni semene mbili tu," alimwambia, kana kwamba vita huisha kwa wiki mbili.

Kule kaskazini Mumba alivusha watu kumi na mmoja kwenye daraja lililokuwa likiwaka moto, ila yeye hakuvuka. Jeshi likatangaza kifo cha Kapteni Bwalya. Kapteni alipofika ofisini mwenyewe, viatu vimeng'arishwa, karani alifuta "amekufa" akaandika "amepona". Hivyo hapakubaki karatasi hata moja iliyosema Mumba amekufa, naye Mumba, mtu wa utaratibu, akarudi kazini.

Wateja waliongezeka. Watu hupenda unga wa shujaa.

Kila wiki Honorine, mama yake Mumba, alikuja na karatasi ileile yenye sentensi moja: aliyevaa gwanda siku ile ni Mumba. Ilikosa saini ya kapteni tu, ili mwanawe apumzike. Jumatatu ile pia alikuja nayo.

"Mutoto yangu anachoka, patron. Benye kufa bengine banalala. Ye anabeba mifuko."

"Nitasainia, mama. Kisha défilé," alijibu kapteni, yaani baada ya gwaride.

"Défilé ya mwaka gani?" akauliza Delphine, mke wa kapteni, bila kuacha kuchambua maharagwe. "Huyu bwana vita alifanyia ku kaunta."

Dominique alicheka, lakini jioni ile bukari, ugali wa unga wake mwenyewe, ilimshinda kula. Alimpenda Mumba. Kalamu alikwisha kuishika mara nyingi.

Jumamosi alikwenda na karatasi mfukoni, amedhamiria kuisaini. Mkuu aliita, "Bwalya!" Dominique akapeleka mkono mfukoni. Mumba, aliyekuwa nyuma yake, akapiga hatua mbele.

"Présent."

Mkuu akambandika nyota ya umeja, akasifu mkono wake kwa kutotetemeka. Kisha karani akauliza jina la kuandika kitabuni. Mumba akamtazama patron wake. Honorine, katikati ya umati, alikuwa amepanda juu ya kiti cha kuazima. Dominique aligusa karatasi. Akafikiria bango jipya la depo, ambalo rangi yake ilikuwa bado haijakauka: UNGA WA MAJOR.

"Andika Bwalya," alisema.

Mumba akaivua nyota, akaifuta vumbi kwa mkono wa gwanda, akambandika Dominique begani, akainyoosha maana ilikaa kombo. Honorine akashuka, akakirudisha kiti kwa mwenyewe.

Jumatatu Meja Bwalya alifungua depo mapema. Mumba alikuwa tayari anakagua magurudumu ya lori.

"Leo pumuzika," meja alimwambia, kama mtu anayeomba.

"Nitapumuzika, patron. Mukisha kusainia."

Meja alitazama barabara ya Kipushi. Kisha akampa funguo za lori.