Viatu vya Ummkulthum Mlangoni kwa Bi Tamima

Mwanawema, jirani wa Bi Tamima, anasema alimuona dada yangu akiingia. Anasema alikuwa uani kwake anaanua karafuu, jua limeanza kulegea, akanyanyua kichwa akamuona Ummkulthum anapita mlango wa mbele wa Bi Tamima, kajitanda kanga ya zambarau, ananyata kama paka wa jikoni. Kisha, asije akamdhulumu mtu kwa dhana, akatoka mpaka barazani kwa Bi Tamima kuhakikisha. Akaviona viatu vya dada kizingitini: kandambili zenye mikanda ya kijani, mmoja umefungwa kwa waya wa shaba. Ndani watu wanacheka, televisheni inalia. "Wallahi sikumzulia," ndivyo alivyomalizia kila alipoyasimulia. Aliyasimulia kisimani, akayasimulia dukani, mpaka yakamfika mwenye mke.

Mwenye mke ni Haroub, shemegi yangu. Ni mtu mpole, mlimaji mzuri wa muhogo, lakini mwaka ule wa uchaguzi, vyama viliporudi, siasa ilimwingia kama homa. Kijiji chetu kilikatika pande mbili. Wa upande huu hawakununua chumvi kwenye duka la upande ule. Watu waliokuwa wakiazimana vyungu wakawa hawaitikiani salamu. Bi Tamima alisema aliyaona haya zama za siasa, kabla ya mapinduzi, alipokuwa msichana, na hakutaraji kuyaona tena na meno yote yameshamtoka.

Nyumba ya Bi Tamima ndiyo iliyokuwa na televisheni. Mwanawe Nizar, aliyeko Maskati, alimletea pamoja na deki ya video na kanda zake, ikiwashwa kwa betri la gari. Mwanawe mwingine, Muhannad, alikuwa mtu mkubwa wa upinzani, na kwa hiyo nyumba nzima ikahesabiwa ya upinzani, televisheni nayo.

Haroub alikuwa wa chama kinachotawala. Alitarajiwa kuwa katibu wa tawi. Nyange, mume wa Mwanawema, akikitaka cheo hichohicho, akamchokoza maskani, pale wanapokutana wanaume wa chama, mbele ya watu: "Katibu gani huyu? Sisi tuko hapa tunapanga, mkewe yuko kwa wapinzani anatazama sinema." Watu wakacheka. Haroub akasimama, akaapa: Ummkulthum akitia mguu nyumba ya Bi Tamima, basi hana mke, talaka tatu.

Talaka tatu si maneno ya kurudi kesho ukayafuta. Zikishuka zimeshuka, na mke hamrudii mpaka aolewe na mwingine kwanza. Dada alipoletewa habari ya kiapo alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna, akasema tu, "Kaapa kwa mwili wangu."

Yeye na Bi Tamima walikuwa hawaachani. Bi Tamima ndiye aliyetulea mama alipofariki. Na ile katuni ya Kiarabu, ya watu wanaosafiri kwenye nyota, dada alikuwa ameianza tangu sehemu ya kwanza, ila kwa masikio tu: akija kwa mlango wa uani, anampikia Bi Tamima jikoni huku sisi tunatazama. Mfasiri wetu wakati huo alikuwa Mwanawema, maana alipata kukaa Dubai. Lakini alifasiri kwa kubana. Mtu anazungumza mpaka anatoka jasho, Mwanawema anasema, "Anakataa." Alipoacha kuja kwa ajili ya chama, wanawake wakaniambia, "Mwatum, hebu jaribu weye." Mimi niliishia darasa la saba, na Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea Kurani tu. Ila nimezoea kutazama. Nilitazama mikono yao, macho yao, nani anamgeuzia nani mgongo, nikayasema. Watu wakaipenda. Mwanawema aliyasikia hayo kule kwake, maana ukuta wa kwetu hauzuii kicheko.

Baada ya kiapo, dada hakuingia tena. Alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba, kwenye dirisha dogo la jikoni ambalo halioni chumba cha televisheni. Anageuza kinu kichwa chini, anakaa, anasuka ukili wake wa mkeka. Nami nikikaa karibu na mlango wa jikoni nikifasiri kwa sauti kubwa kuliko haja. Wanawake wote walijua. Hakuna aliyesema.

Siku anayoisema Mwanawema, kandambili zangu zilikatika nikitoka bonde la mpunga. Dada akanivulia zake pale dirishani. "Vaa," akasema, "usije ukaingia kwa watu na miguu ya tope kama bata." Na kanga yake akanitupia juu ya ile yangu iliyolowa. Nikazunguka mbele, nikavua kizingitini kama kila mtu, nikaingia. Yeye akabaki kwenye kinu, miguu mitupu.

Sehemu ya siku ile ilikuwa nzito. Malkia wa sayari moja alikuwa anataka kumkabidhi Nahodha Najma ulinzi wa kiti chake. Waziri mmoja, aliyekingojea cheo hicho tangu ujana, wivu ukamchoma. Akayanasa maneno ya Najma, akayakata na kuyaunga, ikawa kama anazungumza na adui. Akayapeleka kwa Malkia. Malkia hakumwita Najma amuulize. Akamtia kwenye chombo kidogo cha mtu mmoja, akamsukuma gizani. Niliyasema hayo polepole. Mwishoni uwongo ukafichuka, Malkia akamwita kwa redio, na Najma akageuza chombo palepale akarudi, watu wanapiga makofi.

Kutoka dirishani nikasikia sauti ya dada: "Karudi? Hata radhi hakuombwa, karudi?"

"Karudi, dada."

"Haya. Mambo ya nyota hayo."

Maneno ya Mwanawema yalipomfika, Haroub hakumuuliza mkewe. Alirudi kutoka maskani, akazifunga nguo za dada kwenye shuka, akaliweka bunda nje ya mlango. Kwake alikuwa kabanwa kote. Akikaa naye anaishi haramu. Akimwacha, Nyange atasema, asiyeweza nyumba ataweza tawi? Dada akalichukua bunda lake akaja kwangu. Nikaenda kwa Haroub nikamweleza habari ya viatu na kanga. Mwanawema akapata jibu kabla sijafika nyumbani: "Yeye si dadaake? Mlitaka aseme nini?"

Ikabidi kesi iende kwa Shehe Msellem. Tulikaa barazani kwake baada ya sala ya alasiri. Wanaume upande wa mkeka, sisi upande wa mlango. Ulikuwa muda mrefu sijawaona watu wa pande mbili wamekaa mahali pamoja. Bi Tamima alikuja akitegemea mwavuli wake.

"Mwanawema," akasema Shehe, "ulimuona uso?"

"Niliiona kanga yake, Shehe. Na viatu."

"Uso?"

"Kajitanda, uso ntauonaje? Lakini viatu vile navijua. Nani mwingine kijiji hiki anafunga kandambili kwa waya?"

Nikasimulia yangu. Nyange akacheka puani. Haroub alikuwa anautazama mkeka. "Mie nataka kujua tu kama nina mke," akasema. Hakumtazama dada.

Shehe akashika ndevu. Maneno yangu na ya Mwanawema yalikuwa mawili, kila mmoja na lake, na dada yuko katikati.

Bi Tamima akagonga mwavuli chini. "Shehe, na mie niulize moja."

"Uliza, bi mkubwa."

"Ummu, mwanangu. Huyu Najma wa kwenye katuni, yukoje?"

Dada akanyanyua macho kutoka kwenye ukili. "Yukoje vipi?"

"Umbo lake. Sura."

Dada akafikiri kidogo, akasema kama mtu anayemtaja jamaa yake. "Mfupi. Maji ya kunde. Kajifunga kanga kifuani, na ndani kanzu ya mauamaua. Ana pengo hapa mbele. Akikasirika hasemi, hutafuna ncha ya mtandio."

Halafu mwanamke mmoja nyuma yangu akapasuka kwa kicheko, akafuata mwingine, mpaka na wale wa upande wa kina Nyange waliokuwa wakija zamani kutazama wakajifunika mitandio. Maana Najma ni mrefu kama mnazi, ngozi yake buluu kama ile dawa ya kufulia nguo, nywele za manjano, na suruali imemshika kama ngozi ya chura.

Dada akatuangalia mmoja mmoja. "Mnacheka nini?"

Mimi sikucheka. Sikuwahi kumwambia Najma yukoje. Sikuona haja, kila mtu chumbani alikuwa anamuona. Mwenye pengo, mwenye kutafuna ncha ya mtandio, alikuwa mama yetu. Miezi yote ile dada alikaa kwenye kinu, na aliyekuwa akiruka kwenye nyota ni mama.

"Anajifanya hajui!" Mwanawema akasema.

"Haya, mfasiri wetu," Bi Tamima akamgeukia, "hebu sema weye. Yukoje?"

"Buluu," Mwanawema akasema kwa sauti ndogo.

"Umesikia, Shehe. Huyu aliyeacha kuja anajua. Huyo mnayesema aliingia kwa mlango wa mbele, unaofungukia kwenye televisheni, hajui. Na uwongo wa kumpa nahodha pengo mtu auokote wapi?"

Shehe Msellem akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Akamwambia Haroub kwamba kiapo kilikuwa cha kuingia, na mke hakuingia. Alikuwa mkewe jana na ni mkewe leo. Viatu haviachwi talaka. Akamwambia pia, watu wote wakisikia, kwamba anayetundika nyumba yake kwenye mdomo wa maskani asishangae upepo ukivuma. Nyange akanyanyuka akaondoka bila kuaga. Mwanawema akamfuata nyuma, kanga kaivuta mpaka machoni. Nilimuonea huruma, ijapokuwa sikutaka.

Watu wakapungua. Haroub akaja mpaka upande wetu wa mlango, akasimama. Dada hakuwa na viatu. Nikavua kandambili zake nilizokuwa bado nimezivaa, nikaziweka miguuni pake, vidole vinaelekea njia.

"Ummkulthum," Haroub akasema, "twende nyumbani."

Dada akaziangalia zile kandambili. Akaugusa ule waya wa shaba kwa kidole gumba cha mguu.

"Muhogo nimeshachimba," akasema Haroub. "Mlango uko wazi." Akachutama, jambo ambalo sijapata kumuona akilifanya mbele ya watu. "Ummu. Nakuomba, turudi."

Bi Tamima akageuza uso upande wa njia. Mimi nilimtazama dada mikono, kama nilivyozoea. Alichukua chane nyingine ya mkindu, akailainisha kwa mate, akaiunga kwenye ukili, miguu ikabaki mitupu.